Mbwa Aliyeitika Neno Lile

Nchi yetu ina jina zuri, ila wiki hii limepelekwa kufanyiwa marekebisho, kwa hiyo sitalitaja. Ni nchi tulivu. Ukipita mitaani mchana unaweza kumsikia nzi akitua kwenye mfuniko wa sufuria.

Utulivu huo uliwahi kuvunjika mara moja tu, katika uwanja wa taifa, Mlezi alipokuwa akihutubia. Mlezi ndiye mkuu wa nchi. Zamani aliitwa Rais, lakini akaona kwamba rais huchaguliwa na anaweza pia kuachwa, wakati mtoto hawezi kumwacha mlezi wake. Siku hiyo alihutubia tangu asubuhi mpaka jua likahamia upande wa pili wa uwanja, na ndiyo kwanza alikuwa anamaliza salamu, wakati mtu mmoja katika majukwaa ya nyuma alipopaza sauti akasema neno moja.

Neno lenyewe ni toka. Naliandika hapa mara moja, kwa herufi ndogo, ili msomaji asipotee. Kuanzia sasa nitasema "neno lile", kama wanavyosema watu wote wenye adabu.

Aliyelisema hakupatikana. Waliokaa karibu naye waliulizwa, wakajibu kuwa hawakusikia kitu, wakapelekwa Jengo la Mapumziko ili wapumzike na wakumbuke. Bado wanapumzika.

Neno lile likafutwa. Hapo ndipo tulipojua kuwa lilikuwa limejificha kila mahali. Watoto wa darasa la saba walisubiri majibu ya mtihani mwaka mzima, kwa sababu jina la kitu walichokuwa wakisubiri lilizaliwa na neno lile na wizara ilikuwa haijapata jina jingine. Baba yangu, Fundi Ngwale, ambaye ni mchora mabango, alipata kazi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Alizunguka na ngazi yake kwenye kumbi, hospitali na stendi, akifuta maandishi juu ya milango na kuandika KUINGIA NJE. Mtu akimaliza shughuli zake ndani, anaingia nje. Tulizoea.

Sauti yenyewe ilikuwa imenaswa na vipaza sauti vya uwanjani. Kila jioni baada ya taarifa ya habari redio iliipiga ili wananchi waitambue. Lakini kwa kuwa neno lilikuwa limekatazwa kusikika, mtangazaji alituomba tusikilize kwa makini huku tumeziba masikio. Tuliziba. Ikapigwa. Kisha mtangazaji akasema, "Mwenye sauti hii ajilete."

Kaka yangu Chande alikuwepo uwanjani siku ile. Vijana wote wa mtaa walibebwa na malori kwenda kushangilia. Alirudi, akala, akanawa mikono, akalala, na tangu hapo akawa anaongea kwa sauti ndogo kama mtu aliyeketi kando ya mgonjwa. Kabla ya hapo akimwita muuza maji alisikika mpaka mtaa wa pili. Hatukumuuliza na yeye hakusema, ndiyo maana nyumba yetu ilisifiwa kwa utulivu. Jioni Mama aliziba masikio huku macho yake yako kwa Chande, na macho ya Chande yako kwenye mkeka.

*

Kisha ikaja Kampeni ya Mbwa kwa Kila Nyumba.

Mgeni mkubwa wa nchi ya mbali alishuka kwenye ndege akakuta mbwa wamelala juu ya zulia jekundu, kwa kuwa lilikuwa laini. Mlezi aliona aibu. Mbwa wote wa mitaani wakakusanywa, wakajazwa katika Makao ya Mbwa Wasio na Wenyewe, nayo Makao yakafurika. Hapo ndipo Daktari Kwilasa, mshauri wa Mlezi katika mambo ya ukweli, alipoleta wazo lake. Daktari Kwilasa hakuwa daktari wa watu wala wa mifugo. Alikuwa daktari tu. Alisema mwananchi anaweza kucheka huku moyoni ana lake, lakini mbwa hawezi. Mbwa mnyonge ni ushahidi wa nyumba yenye manung'uniko. Kila nyumba ipewe mbwa, kisha ikaguliwe mikia.

Tulikwenda Makao mimi, Mama na Chande. Mtumishi mwenye koti la kijivu alitushauri tuchague mchangamfu, maana wanyonge walikuwa wamewekewa watu wao maalumu. Hatukuhitaji kuchagua. Mbwa mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala, aliruka juu ya migongo ya wenzake, akadaka pindo la kanga ya Mama na kuanza kukimbia nalo, na Mama akalazimika kukimbia pia.

"Huyo anaitwa Utii," mtumishi akasema.

Chande akauliza na yule mwingine anaitwaje.

"Utii. Wote wanaitwa Utii."

Mtumishi akaita jina hilo kwa nguvu ili tuone. Hakuna hata mbwa mmoja aliyegeuza kichwa. Akasema bado wanalizoea.

Siku ile ile nyumba yetu ilibadilika. Mbwa alichukua ndala ya Baba akaizika, akachukua ya Chande akazunguka nayo ua mzima, akaangusha kopo la rangi nyeupe ambayo Baba alikuwa akiandikia KUINGIA NJE, kisha akapita sebuleni mpaka chumbani akiacha alama za nyayo. Alipojiona kwenye kioo cha kabati alijikaribisha kwa furaha kubwa. Chande akacheka. Alicheka kwa sauti yake ya zamani, ile kubwa. Halafu akaweka kiganja mdomoni, na Mama akainuka taratibu kufunga dirisha.

*

Kesho yake asubuhi Mama alikuwa akikanda unga wa chapati. Aligeuka kuchukua chumvi, na aliporudi akakuta mdomo wa mbwa umo ndani ya beseni. Mama akajisahau. Alisema neno lile, kwa ukali, kama ambavyo kila mwanamke aliyewahi kupika alikuwa akilisema katika enzi zake.

Tukanyamaza sote. Mama aliketi chini pale pale. Nje kulikuwa na mtu anapita na baiskeli, na sisi tukasikiliza mnyororo wa baiskeli ile mpaka ukapotea.

Mbwa hakukimbia. Aliacha unga, akaja mbele ya Mama, akakaa. Mkia wake ulifagia sakafu, sikio lake likasimama, na akamtazama Mama kama mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa akisubiri kuitwa, na leo ameitwa.

"Mama," Chande alisema polepole, "anadhani ndilo jina lake."

Ilikuwa kweli. Tangu uchanga wake, kila jiko alilosogelea, kila bucha, kila kibanda cha chipsi, watu walimwambia neno hilohilo. Walimwambia wakubwa na wadogo, matajiri na maskini. Maskini mbwa, alidhani mji mzima unamfahamu.

Mama akauliza sasa tutamwita nini. Baba akasema tusimwite. Basi tukaishi na mbwa asiyeitwa. Mimi nilimpigia mluzi, na kwa kuwa hata kabla ya hapo nilikuwa siongei sana, tulielewana.

Shida ilikuwa jioni. Mtangazaji alipotuomba tuzibe masikio na sauti ikapigwa, mbwa aliruka mpaka kwenye redio, akailamba, akaizunguka, akalala chali na kuipa tumbo. Sisi tulikaa na vidole masikioni tukimtazama. Tungepunguza sauti ya redio, lakini sheria ilitaka isikike barabarani. Tukamfungia stoo; akaupiga mlango kwa furaha, nao ulisikika mbali zaidi kuliko redio.

Nyumba ya jirani, Mama Kazija alianza kumfunga mbwa wake kilemba cha kanga kila jua likizama. Tulipomuuliza alisema mbwa wake anaumwa masikio. Baada ya hapo nikaona ng'ambo ya barabara wana mbwa mwenye kilemba, na nyuma yetu pia. Mtaa wetu wote ulikuwa na mbwa waliougua masikio jioni wakapona asubuhi, na kila nyumba iliipa pole nyumba ya jirani, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Sisi tulichelewa kufikiria kilemba. Bwana Tindwa, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja kukagua mkia saa ya tangazo. Bwana Tindwa alikuwa na roho nzuri; kila alipomripoti jirani alilia. Aliketi, akaziba masikio nasi, na mbwa akampita kama mshale. Balozi akatoa kidole kimoja sikioni, akatazama, akakirudisha.

"Fundi," alimwambia Baba tangazo lilipokwisha, "huyu mbwa anaijua sauti hii."

"Ni mnyama, balozi. Anapenda redio."

"Mbona wakati wa hotuba ya Mlezi alikuwa amelala?"

Baba akaigeukia redio.

"Hapendi hotuba ya Mlezi?"

Baba alichukua brashi yake akaanza kuikausha, ingawa ilikuwa kavu. Bwana Tindwa akaaga. Alipofika mlangoni tuliona ameanza kulia.

*

Daktari Kwilasa alikuja na gari lisilo na namba na vijana wenye makoti ya kijivu. Chande alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba huku akimtazama kooni. Akaagiza kinasa sauti kiwekwe uani.

Kwanza walipiga matangazo ya mpira ya redioni. Mbwa akapiga miayo. Wakapiga hotuba ya Mlezi. Mbwa akalala, na Daktari akasema iandikwe kuwa anatafakari. Kisha wakapiga sauti ile, sisi sote tumeziba masikio, na mbwa akacheza mpaka vumbi likapanda juu ya ukuta.

"Mbwa hajui uongo," Daktari alisema. "Huyu anamjua mwenye sauti, na anampenda. Na mbwa humpenda nani? Humpenda anayeishi naye."

Mama, kwa heshima zote, alisema kuwa sauti ni ya zamani na mbwa amekuja nyumbani juzijuzi.

"Umesema vizuri, mama. Ndiyo maana wewe si daktari."

Akauliza nani wa nyumba hii alikuwepo uwanjani. Mbwa, ambaye alidhani mchezo umekwisha na hakutaka uishe, alikwenda kona ya ua, akachukua ndala ya Chande, akaja kuiweka mbele ya mguu wa Chande.

Vijana wa makoti wakamshika mikono. Mbwa akaona wamemwondolea mwenzake, akaidaka tena ndala ili wamkimbize. Kwa hiyo Chande alipanda gari na ndala moja. Alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, na mlango ukafungwa.

*

Ikatangazwa Siku ya Utambuzi. Ingefanyika uwanja uleule, mbele ya Mlezi, na kila nyumba ihudhurie pamoja na mbwa wake ili nchi ionekane ina furaha. Chande angesimamishwa katikati na kupewa kibali cha kulisema neno lile. Mbwa wetu akimkimbilia, basi yeye ndiye, na angekwenda Jengo la Mapumziko siku hiyohiyo. Mimi niliteuliwa kushika kamba, kwa kuwa mbwa alinisikiliza.

Mama akasema shahidi asipokuwepo hakuna kesi. Mchana tukampeleka mbwa mbali, nyuma ya matanuri ya matofali, mahali pasipo na nyumba wala redio, mimi, Mama na Baba. Tukamfungua kamba. Baba alirusha mikono juu. Mbwa akaruka naye. Baba akarusha jiwe dogo pembeni. Mbwa akalifuata na kulirudisha. Tukajificha, akatupata, na alipotupata alifurahi zaidi ya siku zote. Mama akachukua kijiti kumpiga, akashindwa, akakitupa, mbwa akakileta.

Mwisho Mama alitazama huku na huku, akalisema neno lile. Alilisema kwa maana yake yenyewe, machozi yakimshuka, akinyoosha mkono kuelekea porini. Katika lugha yetu hakuna jingine tulilozoea kumwambia mbwa aende.

Mbwa akaja mbio. Akakaa miguuni pake, akamtazama usoni, akingoja aambiwe alichoitiwa.

Tukarudi naye nyumbani.

*

Uwanja ulijaa watu na mbwa. Mbwa walikuwa bila vilemba, maana uchangamfu wa sikio nao ungekaguliwa. Mlezi alikaa jukwaa kuu chini ya mwavuli. Chande alikuwa katikati ya majani, amekonda, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Nilisimama mbali naye na kamba mkononi, na mbwa alipomwona alilia kwa furaha mpaka nikaogopa hatasubiri kibali.

Daktari Kwilasa alieleza kwa kipaza sauti maana ya sayansi. Alieleza mpaka watoto wakalala. Ndipo akamgeukia kaka yangu.

"Kijana, una kibali. Tamka."

Chande akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mlezi," alisema, na Mlezi hakuwa na njia ila kuitika. "Mimi nimeitii sheria. Nimelisahau neno lile kabisa. Sijui hata linaanzaje. Naomba Daktari anionyeshe, nami nitafuatisha."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kufikiria utii wa namna hiyo. Mlezi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwashiria Daktari aendelee.

Daktari Kwilasa alijaribu kueleza neno lile bila kulisema, kwa silabi, kwa mikono. Chande alimwangalia kwa makini na kusikitika kuwa bado hajaelewa. Jua likazidi. Mwishowe Daktari akakohoa, akashika kipaza sauti, akalisema.

Kamba iliniponyoka. Sitasema zaidi ya hapo. Mbwa akampita Chande, akamrukia Daktari kifuani, akamwangusha, akamlamba miwani.

Uwanja ulikuwa kimya hata nikasikia ulimi wa mbwa. Vijana wa makoti wakaanza kumsogelea Daktari, si kwa haraka.

"Mlezi," Daktari alisema akiwa chini, "huyu humkimbilia kila anayelisema."

"Mbwa wa serikali hadanganyi. Uliandika wewe."

"Hadanganyi, Mlezi. Ndilo jina lake."

"Jina lake ni Utii." Mlezi alisimama. Alikuwa mtu mkubwa, na alipokasirika sauti yake ilikuwa tamu. "Unataka kusema hata nikilisema mimi atanikimbilia kama mhalifu? Mbwa wa nchi hii wanamjua mlezi wao. Lete hicho kipaza sauti."

Walinzi walisita. Yeye akakinyakua, akavuta pumzi, akalisema neno lile, na vipaza sauti vyote vya uwanja vikalipeleka kila kona.

Mbwa wote wa nchi waliinua masikio. Nakumbuka zaidi kamba: zilikatika kwa pamoja kama nguo inayochanika. Walishuka majukwaa, weusi, wekundu, wenye mabaka, vilema na wajawazito, mikia juu, na hapakuwa na hata mmoja aliyeonyesha meno. Walikuwa na furaha. Maisha yao yote waliitwa na watu wadogo, na sasa wameitwa na mkubwa wa wote.

Walipomfikia Mlezi alifanya ambalo mtu yeyote angefanya. Alilisema tena ili kuwafukuza. Wakaongezeka. Walinzi wakaja kumsaidia, nao wakalisema, kila mmoja kwa nguvu zake, na mbwa waliokuwa bado juu wakashuka. Mwavuli ukaanguka. Tulimwona akirudi nyuma, kofia imekwenda, koti limekwenda, akilipiga kelele neno lile bila kupumua, mpaka mgongo wake ukafika kwenye mlango wa nyuma ya jukwaa. Juu ya mlango palikuwa na kazi ya Baba, herufi nyeupe zilizonyooka.

Mlezi akaingia nje. Mbwa nao wakaingia nje naye. Kelele zikawa ndogo, zikawa ndogo zaidi, na baadaye hatukuzisikia.

Hakuna aliyesogea. Daktari Kwilasa akainuka, akafuta miwani, akaokota kipaza sauti na kupuliza ndani yake kuona kama bado kinafanya kazi.

"Hali ni shwari," alisema. "Mnaweza kupiga makofi."

Tukapiga.

*

Chande aliachiwa, kwa kuwa mwenye sauti alikuwa amepatikana. Mbwa wetu alikuwa amefika kabla yake, amechafuka, na kipande cha kitambaa cha gharama mdomoni. Mama alikichoma jikoni. Jioni, baada ya taarifa ya habari, mtangazaji yuleyule alituomba tuzibe masikio, na redio ikapiga sauti mpya, ile kubwa ya uwanjani. Hata na vidole masikioni tuliitambua. "Mwenye sauti hii ajilete," mtangazaji akasema. Bado hajajileta.

Daktari Kwilasa hataki kuitwa Rais. Anaitwa Mlezi. Ni mtu anayejifunza, na amri yake ya kwanza ilikuwa mbwa wote watiwe pamba masikioni. Bwana Tindwa alipita nyumba hadi nyumba na furushi la pamba, akilia.

Leo malori yametuchukua tena. Tumeletwa kusikiliza hotuba yake ya kwanza, na wenye makoti ya kijivu wamesimama mwisho wa kila safu. Sisi tuko majukwaa ya nyuma. Jua limeshahamia upande wa pili wa uwanja, na yeye ndiyo kwanza anamaliza salamu.

Chande amekaa mbele yangu. Tangu aliporudi anaongea kwa sauti ndogo zaidi, lakini sasa hivi shingo yake imenyooka, na naona mabega yake yanapanda kama ya mtu anayevuta pumzi. Mama amemshika shati kwa nyuma. Kisha Mama ameliachia.

Mimi si msemaji. Nimeingiza kidole kwenye sikio la mbwa, lile lililolala, nikaivuta pamba taratibu, nikafanya vivyo hivyo kwenye lile linalosimama. Mbwa amenilamba mkono. Halafu amemgeukia Chande, sikio limesimama, na mkia wake umeanza kugonga sementi.